Fedha ya Mahindi Isubiri Kusi Itulie

Julai ndiyo mwezi wa fedha Ufipa. Malori ya mahindi yanatoka Sumbawanga usiku na mchana kuelekea Tunduma, maharage yamekwisha kupata wanunuzi, na mafundi wa kuezeka hawapatikani kwa sababu kila mtu anataka bati jipya kabla ya mvua. Mwezi huohuo, kwenye vikoba vya mjini, siku hizi linazuka jambo ambalo mama zetu hawakulijadili: safari ya visiwani, kuogelea na kupiga mbizi. Wapo wanaotaja Mafia, wapo wa Unguja na Pemba, na wapo wanaosema tusihangaike na basi la Dar es Salaam, tushuke Kipili kwenye Ziwa Tanganyika, visiwa viko hapo chini. Naipenda safari hiyo kwa moyo wote na nimeihimiza kwa miaka. Ninachokipinga ni kuifanya Julai.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Napeleka mahindi na unga Kirando, napandisha dagaa na migebuka. Kwa hiyo ziwa nilianza kulijua kama watu wa mwambao wanavyolijua, kwa siku ambazo boti zinatoka na siku ambazo hazitoki. Miwani ya maji nilivalishwa na kijana mmoja wa Kipili aliyeona ninavyohangaika kuwatazama samaki kutoka juu ya mtumbwi. Mtungi wa hewa nilikuja kuubeba baadaye sana, Mafia, nikiwa na wajukuu tayari. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba sizungumzi kwa kusikia.

Kuanzia Mei hadi karibu Septemba upepo wa kusi hulisukuma Ziwa Tanganyika kwa urefu wake wote, zaidi ya kilomita 650. Maji ya juu yenye joto husukumwa kuelekea Kigoma na Bujumbura, na huku kwetu, mwisho wa kusini, maji baridi huinuka kutoka kilindini kushika nafasi yake. Maji hayo hupanda na virutubisho vilivyokuwa vimelala chini. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, dagaa hupata chakula, na samaki wanaokula dagaa nao hushiba. Ziwa lote linaishi kwa msukosuko huo, na sina neno baya juu yake. Lakini kwa mgeni mwenye miwani usoni, kusi ina maana ya maji ya ukijani, baridi inayomshtukiza mita chache tu chini, na mawimbi yanayogonga mawe yaleyale ya visiwa anayotaka kuyakaribia. Wengi wetu wa nyanda za juu hatukuzaliwa kando ya maji. Tunajifunza kuogelea ukubwani. Mtu wa namna hiyo hapaswi kukutana na maji kwa mara ya kwanza yakiwa yamekasirika.

Baharini nako ni kusi hiyohiyo inayotawala. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakafa. Familia nyingi bado zinaihesabu siku hiyo. Anayevuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni kipindi cha kipupwe anaujua mlango ule wa Mafia unavyoweza kuwa, na wafanyabiashara wenzangu waliokwenda Julai walikaa Nyamisati wakisubiri bahari ishuke huku siku za likizo zikiisha na fedha ya chakula ikiliwa palepale gatini.

Wenyeji wana njia za kuikwepa kusi, hilo ni kweli. Unguja, upepo ukikaza upande wa Paje na Jambiani, wapiga mbizi huhamia Nungwi na Kendwa. Mafia hubaki ndani ya Ghuba ya Chole, iliyokingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na ndani ya ghuba hiyo kuna matumbawe mazuri kweli. Ila kuta za matumbawe za nje, zinazotazama bahari kuu, husubiri upepo ubadilike. Mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Sumbawanga anastahili kupewa nafasi ya kuona zaidi ya ukumbi wa mbele.

Kwa nini basi Julai na Agosti zinatangazwa kama msimu wa kwenda visiwani? Kwa sababu ndiyo miezi ambayo shule za Ulaya zimefungwa. Mzazi wa Ujerumani au Italia hana mwezi mwingine wa kumleta mtoto wake, na kwao wiki tatu za ukavu bila mvua ni neema hata kama bahari ina mawimbi. Bei za vyumba hupanda kuwafuata. Desemba hupanda tena kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Sisi tumeichukua kalenda hiyo bila kuiuliza swali, tukalipa bei ya mgeni katika miezi ambayo maji yetu wenyewe hayajatulia. Manahodha wa majahazi ya Lamu, Unguja na Oman walipanga maisha yao kwa karne nyingi kwa kaskazi na kusi: waje na moja, warudi na nyingine. Elimu hiyo ipo kwenye lugha yetu. Inaniuma kuona Mtanzania akipanga safari ya bahari kwa kutazama likizo za nchi nyingine.

Pendekezo langu ni Oktoba.

Septemba ikielekea mwisho, kusi huchoka. Pwani huingia kipindi cha demani, bahari hulala, na kaskazi bado haijaanza kuvuma, huja Desemba. Mvua za vuli zinaweza kugusa mwishoni mwa mwezi, lakini wiki za kwanza mara nyingi ni za maji tulivu na meupe. Tena Oktoba ndipo papa potwe wanapoanza kuonekana Mafia upande wa Kilindoni, na huendelea hadi Machi. Wenyeji humwita papa shilingi kwa madoa yake. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana haja na mtu. Anachuja vijidudu na samaki wadogo kwa mdomo uliofunguka. Kumwona hakuhitaji mtungi. Miwani, mapezi, fulana ya kuelea, na nahodha anayejua kuzima injini mapema, vinatosha. Mimi niliuona mdomo kabla ya kumwona samaki. Halafu ubavu ukapita, ukaendelea kupita, na nilipodhani umekwisha ndipo mkia ukaja. Wengi wa Mafia bado ni vijana wa jamii yao, nao tayari ni warefu kuliko gari dogo la abiria. Usimguse, usimzibie njia, na usikubali boti iliyojaa kelele imfukuze. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, ipo kwa ajili ya viumbe wa namna hii, na kiingilio tunacholipa pale nakilipa kwa furaha.

Najua jibu la mkulima, kwa sababu nalisikia kila ninapoleta hoja hii. Oktoba ni mwezi wa kuandaa shamba, mbolea inanunuliwa, ng'ombe wa kulimia wanaandaliwa, na Novemba mvua ikidondoka hakuna anayekusubiri. Ni jibu la haki. Lakini litazameni kwa karibu. Fedha ya Julai ni fedha isiyogawanywa bado: ndani yake mna mbolea, mna mbegu, mna ada ya Januari, mna deni la duka. Inaonekana nyingi. Anayeondoka nayo Julai anaweza kuwa anakwenda kuogelea na mbolea ya mwakani. Oktoba, mbolea ikiwa imeshafika nyumbani na ada imewekwa pembeni, kinachobaki ndicho cha safari kweli. Kikiwa kidogo, basi ni Kipili mwaka huu na Mafia mwaka mwingine.

Na kuna faida ya sokoni ambayo mimi kama mtu wa nafaka siwezi kuiacha. Gunia linalouzwa Septemba kwa kawaida hulipa kuliko gunia linaloharakishwa sokoni wakati kila nyumba inavuna. Likaushwe vizuri, lihifadhiwe dumuzi wasiliguse, na lisubiri. Upepo unapotulia, bei nayo imekwisha kusogea.

Ukishachagua mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Hapa ziwa na bahari zinatofautiana, na tofauti hiyo inamsaidia msafiri anayeijua. Ziwani wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, sasa nyingi ni za umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, nyavu hupumzika, na manahodha na boti zao huwa hawana kazi ya usiku. Hizo ndizo siku za kukodi boti Kirando au Kipili: nahodha amelala vizuri, hana haraka, na bei mnaelewana kama ndugu. Baharini mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na mikondo hukimbia milangoni na kando ya kuta. Pemba, upande wa Misali, au kwenye mlango wa Ghuba ya Chole, bamvua si wakati wa mtu anayejifunza kupumua kwa mtungi. Nenda maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kwa hiyo aliyezoea ziwa akipeleka hesabu ileile ya mbalamwezi baharini, atafika siku ngumu kuliko zote za mwezi.

Nirudi Kipili, maana ndiko moyo wangu uliko na ndiko watu wa Rukwa wanakokusahau. Ukishuka kutoka Namanyere, visiwa vya Ulwile, Mvuna, Nkondwe na Lupita vimetawanyika mbele yako, na mawe yao yanaendelea chini ya maji kama yalivyo juu. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470. Duniani ni Baikal tu inayolishinda. Kuna aina zipatazo 250 za samaki wa ukoo wa sato, siklidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Watu wa Ulaya wanawafuga kwenye vioo sebuleni na wanayajua majina yao ya Kilatini. Watoto wetu wa Sumbawanga wanawajua wakiwa kwenye sahani. Wako wadogo kuliko kidole wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, kila mmoja na nyumba yake, na ukikaribia wanaingia wote kwa mara moja. Wako wanaobeba mayai na watoto mdomoni. Yuko kuhe, mkubwa kuliko siklidi wote, dume na jike wakilinda kundi la watoto wao kwa ukali unaomfanya mpiga mbizi arudi nyuma. Na ukiwa na bahati utapita katikati ya vijitepwetepwe vyenye upana wa sarafu, visivyouma, ambavyo watu wengi hudhani hupatikana baharini tu.

Kuyaona haya vizuri Kipili, nina nafasi mbili. Ya kwanza ni hiyo Oktoba, kusi ikishatulia na kabla vijito vya kutoka milimani havijaanza kumwaga tope. Joto la mwambao mwezi huo ni kali, na maji ndiyo mahali pazuri pa kukaa. Ya pili ni mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, mvua zikiwa zimekata na kusi haijakaza. Nafasi hii ya pili naipigania kwa sababu ya ziada. Mwaka 2024 serikali, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka ziwa, ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nauunga mkono uamuzi huo. Anayepima migebuka kila wiki anaona wanavyopungua ukubwa. Lakini miezi mitatu bila kutupa nyavu ni njaa kwa mtu wa mwalo. Kundi la watu kumi kutoka Sumbawanga likikodi boti siku za kwanza za katazo kama hilo, kabla upepo haujashika, linaacha mafuta, chakula na ujira mikononi mwa watu walewale wanaobeba gharama ya kuwalinda samaki tunaokwenda kuwatazama.

Msimu wa mvua kubwa, Desemba hadi Machi, sishauri kwa ziwa. Tope hutoka kwenye midomo ya mito, na mamba hupenda sehemu hizohizo. Misimu yote, kaeni kwenye mawe ya visiwa mbali na matete, kwa sababu ya mamba na kwa sababu ya kichocho, na wiki kadhaa baada ya kurudi nendeni mkapime. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya kawaida hospitalini.

Kuna jambo moja ambalo kwa mtu wa Ufipa lina uzito kuliko kwa mtu wa pwani, na ninaliomba lisomwe polepole. Anayepumua hewa ya mtungi chini ya maji hujaza naitrojeni mwilini. Akipanda taratibu na kupumzika, inatoka kwa pumzi. Akikimbilia mahali pa juu penye hewa nyepesi, inaweza kutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo, ikamletea maumivu, kupooza, au kifo. Ndiyo maana wapiga mbizi hukatazwa kupanda ndege kwa saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 au zaidi baada ya kuzama siku kadhaa mfululizo. Sasa pigeni hesabu ya nyumbani. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko karibu mita 1,800. Anayezama Kipili asubuhi na kupanda gari mchana kurudi mjini anapanda kilomita nzima ya kimo, bila ndege, akiwa amekaa kwenye kiti cha Noah na mfuko wa dagaa miguuni. Mlima wetu unahesabiwa kama anga. Ziwa lenyewe, kwa kuwa liko juu ya bahari, linahitaji hesabu zake za kuzama, na mwalimu asiyezijua msimfuate.

Hili nalo ni suala la msimu. Katika mvua, dereva hutazama mawingu na kusema tuondoke sasa kabla njia haijaharibika, na kila mtu hupanda garini. Katika Oktoba kavu hakuna anayekuharakisha. Unazama siku ya kwanza na ya pili, siku ya mwisho unaogelea juu kwa miwani, unalala Kipili, unapanda kesho yake. Siku hiyo moja ya ziada ndiyo inayoufanya ukavu uwe na thamani kuliko bei ya chumba.

Kwa asiye na shamba, mwenye mshahara na ruhusa ya kuchagua, Februari na mwanzo wa Machi pia ni wakati mzuri baharini, kaskazi ikiwa imepungua na masika hayajafika. Naongeza ombi. Machi na Aprili ndipo maji ya pwani yetu yanapokuwa na joto zaidi, na ndipo matumbawe yanapougua na kuwa meupe. Mwaka 1998 Mafia ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake kwa joto hilo, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tena upaukaji wa matumbawe wa dunia nzima. Mkiyakuta meupe, msiyakanyage, msiyashike kupata mhimili wa picha. Bado yanaweza kupona mwaka huohuo.

Ninawaomba wanaotangaza utalii wa ndani waandike upepo kwenye matangazo yao ya Kiswahili, mwezi kwa mwezi, kwa kila kisiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa bahari na wa maziwa makuu, Tanganyika likiwamo; taarifa hiyo ibandikwe stendi ya Sumbawanga na kwenye ofisi za mabasi, wanakokaa watu wanaoamua. Wenye vyumba Kilindoni na Kipili waweke bei ya Oktoba kwa wakulima, kwa kundi, kulipwa kidogo kidogo tangu Julai.

Kwenye kikao kijacho cha kikoba chetu nitapendekeza gawio lifanyike katikati ya Septemba, baada ya kila mwanachama kuonyesha risiti ya mbolea. Tuondoke juma la kwanza la Oktoba ambalo mwezi utakuwa nusu. Na katika bajeti ya kurudi, tuhesabu usiku mmoja zaidi Kilindoni kwa kila atakayekuwa amebeba mtungi, hata kama nauli ya ndege ya siku hiyo ni rahisi.